Mwezi wa Tatu Usiokwisha

"Mama Wivine, soma weye mwenyewe ile tarehe!"

Papa Edouard aliitupa mezani ile barua aliyochapiwa hapo, kati ya kompyuta na sahani ya mihogo ya kuchoma. Wateja wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walinyoosha shingo. Mama Wivine alivaa miwani yake, akatazama juu kwenye kona: tarehe 17, mwezi wa tatu, 2012.

"Aye, mama wee," akasema polepole.

"Tunafika Lukafu, bantu bazima, na kuku zetu mbili, kuombea mutoto wangu Yannick bibi wa kuoa. Muyomba wa binti anasimama, anasoma barua kwa sauti mbele ya jamaa yote, maana njo desturi. Anafika pa tarehe, anaisoma mara mbili. Anauliza: 'Deborah iko na miaka ngapi?' Banamujibu: makumi mbili na mbili. 'Basi mu 2012 alikuwa na tisa! Hawa bantu banakuja kuomba mutoto wa miaka tisa!' Banatulipisha amende, faini ya mbuzi muzima!"

Benchi nzima ilicheka. Mama mmoja alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitikisika.

"Musicheke," Edouard akasema, ingawa mdomo wake nao ulitaka kucheka. "Banasema turudi Jumamosi na barua ingine. Tukikosea tena, banafunga mulango."

"Nitaandika tarehe na mukono wangu, papa. Siku ile moto ya umeme ilitaka kukatika, nikaharakisha, nikaacha mashini iweke tarehe yenyewe."

Edouard aliinama, akatazama pembeni mwa kioo, pale saa inapokaa. Akanyoosha kidole.

"Kumbe mashini yako inaishi mu 2012 mpaka leo? Mama, mashini ya bongo, yenye kudanganya, siiamini. Itengeneze mbele ya Jumamosi, ao naenda kwa bale benye kuchapa barua ng'ambo ya barabara."

Wale wawili wa benchi hawakucheka tena. Walitazamana, na kila mmoja akaanza kufikiria barua yake mwenyewe.

Mama Wivine hakuwa mtu wa uongo. Miaka yote hiyo, mbele ya ofisi ya komini ya Katuba, meza yake ilikuwa imechapa orodha za mahari, matangazo ya vilio, barua za kuomba kazi. Lakini ile programu ya kuandikia ilikuwa imetolewa kwa majaribio tu, siku thelathini, kisha ununue. Alphonse, bwana yake, ndiye aliyegundua dawa yake: kila mwezi ukikaribia kwisha, unairudisha saa ya mashine nyuma, tarehe tatu ya mwezi wa tatu, 2012, mwaka walipoanza. Programu inadanganyika, inahesabu upya. Alphonse akafa, na yeye akaendelea vilevile, kama mtu anavyoendelea kuotesha mboga mahali pale alipooteshea mama yake. Ndani ya ile mashine, mwezi wa tatu haukuwahi kuisha. Akiiweka tarehe ya kweli, programu itafunga kazi siku hiyohiyo.

Kesho yake alipanda basi mpaka mjini. Katika duka la kwanza kijana mwenye tai alimsikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, système yenye kuendesha mashini yako ilishakufa zamani. Programe ya leo haiwezi kuingia mule. Inaomba mashini mupya."

"Na mashini mupya, bei gani?"

Kijana alimwonyesha bei kwenye kikokotoo, kwa heshima, bila kuitaja mbele za watu. Mama Wivine alimshukuru, akatoka. Pale kwenye kona kijana mwingine alikuwa akiuza diski kwenye mfuko wa plastiki, programu zote za dunia kwa bei ya mkate. Mama Wivine aliishika moja, akaigeuza, akairudisha. Jirani yake Kangwa alinunua moja namna hiyo. Virusi vikala picha zote za ndoa ya binti yake.

Alhamisi akaenda parokiani kwa Frère Sylvain, mtawa anayetunza kompyuta za shule, zile kuukuu ambazo mashirika yalichoka nazo. Alimweleza yote, hata ule ujanja wa saa, macho akiyaweka chini kama yuko kwenye maungamo.

Frère alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote ile! Mama, weye uko mu dunia gani?" Akafungua droo, akatoa flashi ndogo. "Hapa muko programe ya kuandika. Bantu ba inchi mingi banaitengeneza pamoja, banaiacha bule, bila kulipa. Mpya yao haikubali mashini yako, lakini mimi nililinda ile ya mwisho yenye kukubali."

"Bule?"

"Bule."

"Frère, kintu ya bule iko na mukia."

"Hii haina mukia, mama. Haina hata siku za kuhesabu. Sasa unaweza kuachilia saa yako itembee."

Ijumaa Papa Edouard alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Programu iliingia polepole, ikasimama, ikaingia tena. Mama Wivine alifungua barua ya Lukafu: maneno yote yalikuwapo, hata alama juu ya herufi za Kifaransa. Edouard alipumua kwa nguvu.

"Bado tarehe," akasema.

Mama Wivine aliifungua saa. Akaweka kidole juu ya mshale, akabonyeza. 2013: mtoto wao wa mwisho, Keren, alibatizwa. 2014: upepo ulichukua bati za jikoni, Alphonse akapanda juu na nyundo akiimba. 2015: walinunua printa ya kutolea karatasi, wakaibeba wawili kutoka barabarani, wakigombana nani ameshika vibaya.

2016.

Kidole kilisimama.

"Mama," Edouard akaita, "tuko wapi?"

"Tuko mu 2016, papa."

Edouard alikuwa kwenye kilio cha Alphonse, mwaka ule. Alibeba viti. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti.

"Chukua wakati yako," akasema. "Lukafu haitahama."

Nje, mtu wa komini alikuwa akifungua madirisha ya ofisi, moja baada ya lingine.