Mama, Si Mwizi

Kwenye mahakama ile hapakuwa na mshtakiwa mwanamke asiyemjua Mama Mtandio. Cheo chake kilikuwa afisa wa probesheni, yaani mtu anayekwenda kuchungulia nyumbani kwa aliyekiri kosa, kisha anarudi kumwambia hakimu kama mtu huyo aende gerezani au apewe kifungo cha nje. Lakini nani ana muda wa vyeo virefu? Kwenye droo ya meza yake aliweka mtandio mweusi, umefuliwa na kukunjwa vizuri, na kila mwanamke aliyeletwa kichwa wazi alifunikwa huo kwanza.

"Jitande vizuri, dada," alikuwa akiwaambia kule mahabusu. "Hakimu akikuuliza, jibu polepole. Una mtoto? Aletwe. Ukilia, lia kimyakimya, asije akasema una jeuri."

Na tuseme kweli, njia yake ilifanya kazi. Wanawake walioingia na pingu walitoka wakiwa wamebeba watoto wao mgongoni. Wenzake ofisini walimtania kwamba angeweza kumvika hata fisi akaonekana mjane. Naye alicheka, akajiona mtu wa maana. Watu wa namna hii tunawajua: huruma wanayo, si ya kuigiza, ila wanaipenda huruma yao kuliko hata anayehurumiwa.

Siku moja wakaletwa wawili kwa kosa moja. Walikuwa wapiga pasi wa kiwanda cha nguo. Asubuhi waliingia kazini wembamba, jioni wakatoka wanene, na mlinzi wa lango hakuwa mjinga. Chini ya magwanda yao kila mmoja alikuwa amejizungushia kitambaa tumboni. Jora lilikuwa moja, wamelikata katikati, huyu nusu na huyu nusu.

Mmoja alikuwa Mama Pacha, na jina lake lajieleza. Wa pili wenzake walimwita Kicheko, kwa sababu alicheka akifurahi na akacheka zaidi akiogopa. Tangu utotoni alikuwa hivyo. Msibani alikuwa akitolewa nje kwa kuvutwa mkono, machozi yanamtoka na mbavu zinamuuma kwa kicheko asichokitaka. Alipanga chumba kimoja, hana mume, hana mtoto, na hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Wote wawili walikiri. Nyumba ya Mama Pacha ilikuwa karibu, na Mama Mtandio alikwisha kwenda kuikagua. Ya Kicheko ilikuwa mbali, hakuwa amefika. Akasimama kumwombea wa kwanza, pacha mmoja analia, mwingine ananyonya, na maneno yakamjia matamu kama alivyozoea.

"Mheshimiwa, aliye mbele yako ni mama, si mwizi."

Mwanamke mmoja kwenye viti vya nyuma akajifuta macho. Hakimu akatoa kifungo cha nje bila hata kuguna, kisha akamgeukia yule wa pili.

"Na huyu je? Naye ni mama?"

"Hapana, Mheshimiwa," akajibu Mama Mtandio.

"Ahaa. Basi mwizi ni huyu."

Watu wakaangua kicheko. Karani alicheka, askari alicheka, na Mama Mtandio naye, hapa ndipo panapouma, alicheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mkubwa. Kicheko mwenyewe akacheka kuwashinda wote, mabega yakimtetemeka, mpaka hakimu akaacha kucheka akamkazia macho. Akarudishwa mahabusu hadi wiki ya pili, nyumba yake ikaguliwe kwanza.

Mama Mtandio alishuka ngazi za mahakama akipongezwa, naye akaharakisha hatua azikimbie pongezi. Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno yaliyomla hayakuwa ya hakimu, yalikuwa yake. Yeye ndiye aliyechora mstari kwa ulimi wake, mama upande huu, mwizi upande ule, akamwacha mtu amesimama peke yake upande wa pili. Na wangapi kabla ya huyu? Kila aliyemtoa kwa kuwa ni mama mwema alimwongezea uzito yule asiye mama wala mwema wa kutosha. Hakuwahi kuwafikiria hao. Hawakuwa na watoto wa kuletwa, kwa hiyo hakuwaona.

Akaenda nyumbani kwa Kicheko. Mwenye nyumba, bibi aliyekuwa akichambua mboga kibarazani, alimfungulia mlango kwa hiari.

"Kodi analipa, kelele hana," bibi akasema. "Tatizo lake hajatulia."

"Hajatulia vipi, bibi?"

Bibi akashangaa kuulizwa jambo lililo wazi kama mchana. "Si yuko peke yake?"

Chumba kilikuwa kisafi. Kitanda kimetandikwa, viatu vimepangwa chini ya dirisha, cherehani ya mkono juu ya kreti, na karibu yake karatasi iliyokatwa kwa umbo la gauni lenye mikono mipana. Mama Mtandio akaketi ukingoni mwa kitanda akaanza kutafuta, kama kawaida yake, kitu cha kumpelekea hakimu. Picha ya mtoto wa ndugu. Dawa za mama mgonjwa. Akaangalia hata nyuma ya mlango. Alipojikuta anaomba kimoyomoyo aone japo kiatu kimoja cha mtoto yatima, akaona aibu, akatoka.

Kule mahabusu Kicheko alimpokea kwa mzaha. "Umepaonaje kwangu, dada? Umekosa cha kumlilia hakimu?"

"Pasafi. Huna hata mzazi anayekutegemea?"

"Mama yangu ana nguvu kunishinda mimi. Kaninunia tu."

"Mchumba je?"

"Walikuwepo. Wakapita."

"Sasa mimi nitasema nini mbele ya hakimu, mdogo wangu?"

Kicheko akaacha mzaha. "Sema jora lilikuwa moja. Nilitaka gauni, mwenzangu alitaka nguo za kuuza, tukakata katikati. Nimeiba, sikatai. Simtaki Mama Pacha arudi ndani, la hasha, watoto wale wataniponza kwa Mungu. Ila alichopewa yeye nami nipewe. Halafu dada, usinitungie mtu. Nikisikia uongo juu yangu nitacheka, najijua, na nikianza siachi."

"Sitakutungia," akasema Mama Mtandio. "Nakuahidi."

Jumamosi binti yake alikuja kutoka chuo kikuu, alikosoma sosholojia, wakakaa kukunja nguo zilizoanuliwa. Mama akamsimulia, akijifanya anasimulia tu habari za kazini. Binti alisikiliza, shuka mkononi, kisha akacheka.

"Mama, wewe tunakusoma darasani!"

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Wanafeministi wameandika kuhusu mambo hayo hayo. Wengine walidhani mahakama zinawahurumia wanawake. Wao wakachungulia wakauliza, wanawake gani? Anahurumiwa mke wa mtu, mama wa watoto, anayelia vizuri. Asiyekuwa hivyo anahukumiwa mara mbili, kwa alichokiiba na kwa namna anavyoishi."

"Na hao waandishi wako wamemtoa nani mahabusu?" mama akafoka. "Nadharia haifungui pingu, mwanangu. Mimi nimewatoa."

"Umewatoa, sikatai." Binti akanyoosha shuka. "Wanasema pia wanawake wahalifu ni wachache kwa sababu tunachungwa tangu nyumbani. Kaka alipewa funguo, mimi nikafungiwa mlango. Sikupata hata nafasi ya kuiba embe."

Mama akacheka kwa kujilazimisha, maana lilikuwa kweli. Mwanawe wa kiume alirudi saa aliyotaka. Huyu alingojwa mlangoni. Akamuuliza kwa sauti ndogo, kama vile yeye ndiye mwanafunzi, "Sasa niseme nini?"

"Sema kosa, mama. Kosa moja, adhabu moja. Usimpambe."

"Na kama hakimu hataki?"

Binti akaweka shuka juu ya rundo. "Hapo sijui," akasema. "Kitabuni hakuna hakimu wako."

Siku ya kesi mtandio ulibaki kwenye droo. Kicheko alipanda kizimbani kichwa wazi, nywele amezisuka mwenyewe, akamtazama afisa wake kwa imani ambayo Mama Mtandio hakuweza kuitazama kwa muda mrefu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Huu ulikuwa wa mwenzie, na ulimvunja mgongo.

Akaanza vizuri. "Mheshimiwa, kosa lilikuwa moja na jora lilikuwa moja. Walikata katikati. Mshtakiwa hana kosa la zamani, amekiri, kazi anaijua. Naomba apewe kilekile alichopewa mwenzake, si zaidi, si pungufu."

Kama angeketi hapo! Lakini hakimu akavua miwani.

"Mama Afisa, leo mbona mkavu hivi? Yule nilimwachia kwa ajili ya watoto. Huyu ana nini?"

"Ana... Mheshimiwa, ni mtu kama yule."

"Ana mume?"

"Hapana."

"Ana mtoto? Ana mzazi anayemtunza?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi nikimwacha nje nimwache kwa nani? Nani atamtuliza?"

Kalamu ya hakimu ilikuwa imeinuliwa. Mama Mtandio aliiona inaanza kushuka, akaliona geti la gereza la wanawake, na woga ukamshika, woga wa kushindwa na woga wa dhambi, hakujua upi ulimtangulia mwenzake. Ahadi akaikumbuka vizuri kabisa. Na bado mdomo wake, uliozoea miaka yote kuokoa watu kwa njia moja, ukafunguka wenyewe.

"Ana mchumba, Mheshimiwa. Mtu wa heshima, fundi seremala. Posa imeshapelekwa. Atatulia."

Kalamu ikasimama hewani. Uso wa hakimu ukalainika kama uso wa baba mkwe. "Aah! Sasa unasema neno. Ulikuwa unamficha seremala wa watu kwa nini?"

Hapo ndipo Kicheko alipocheka.

Kwanza aliziba mdomo kwa mikono miwili. Akainama, akauma kidole, akageukia ukuta. Haikusaidia. Kicheko kilimtoka puani, kisha kinywani, kisha mwili mzima, akishika ukingo wa kizimba asianguke. Askari akamwambia nyamaza, akaongeza. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu tupu, lakini nani aliyekuwa akiangalia macho?

"Unaicheka mahakama?" hakimu akauliza.

"Hapana, baba... nisamehe... huyo seremala..." Hakuweza kumaliza.

"Mheshimiwa," Mama Mtandio akasimama, "ndivyo alivyo akiogopa. Na mimi nime..." Alitaka kusema nimedanganya. Neno lilikuwa pale ulimini, fupi tu, na lingemgharimu kazi. Akalimeza. "Nimemjua hivyo," akasema.

"Umejitahidi sana, Mama Afisa. Wengine hawaombeki. Mwanamke anayechekea hata uchumba wake, nje atafanya nini?" Akaandika. Gereza, miezi sita.

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Mama Mtandio alibaki amesimama. Angeweza bado. Hakimu alikuwa palepale, masikio anayo. Akahesabu sababu za kunyamaza, ada ya chuo ya binti, pensheni, wanawake wengine watakaohitaji kuombewa, na kila sababu ilikuwa nzuri, na zote kwa pamoja hazikufika uzito wa yule mtu mmoja aliyekuwa anashushwa kizimbani. Alijua kwamba ulimi haukuteleza. Alikuwa amechagua, mara mbili, na mara ya pili alikuwa na muda wa kufikiri.

Walimpitisha mbele yake. Kicheko alikuwa bado anacheka kidogokidogo, kwikwi za mwisho, machozi yakimteremka mpaka kidevuni. Akamwomba askari asimame kidogo, na askari akasimama.

"Dada," akasema, bila hasira hata chembe, "huyo mchumba wangu anaitwa nani? Wafungwa wenzangu wataniuliza."