Wiski ya Kumshukuru Bingwa

Jumamosi asubuhi Fundi Kola alisimama mbele ya rafu ya wiski akizikagua chupa kama anavyokagua vitambaa. Aliinua moja kwa mkono wa kushoto, akaielekeza dirishani, akaigeuza, akatazama kama rangi yake ni moja toka juu hadi chini. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni. Kitambaa chenyewe alikuwa amekipiga pasi, maana mtu hatoki nyumbani kama gunia eti kwa sababu ameumia.

Hakujua lolote kuhusu wiski, ila hilo hakulisema. Fundi Kola alikuwa mtu wa majivuno, tena majivuno ya halali, kwa sababu kola zake zilikaa wima mpaka shati lenyewe linachakaa, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Mtu wa namna hiyo haulizi. Anasubiri aelezwe, halafu anaitikia kama aliyekuwa akijua.

Mwenye duka, Mama Vizibo, alimwacha ahangaike kidogo, kisha akamwonea huruma. Alimweleza kuwa miaka iliyoandikwa kwenye chupa ni ile ambayo wiski imekaa ndani ya pipa. Kwamba ya miaka mingi huwa laini zaidi, ingawa si lazima kila mtu aipende. Kwamba kuna zenye moshi, ambazo mtu ama anazipenda ama anazikimbia, kwa hiyo kumpa mtu usiyemjua vizuri ni kubahatisha. Tena zawadi ya shukrani lazima iwe na boksi, hata kama boksi litatupwa siku hiyo hiyo. Fundi Kola aliitikia kwa kichwa kila neno.

"Unamshukuru nani?" Mama Vizibo akauliza.

"Daktari Bingwa wa hospitali kuu. Ndiye aliyenishona mkono."

Mama Vizibo akaichukua chupa mkononi mwake polepole, akairudisha juu. Akainama, akatoa nyingine fupi iliyokaa karibu na sakafu, akaifuta vumbi.

"Kama ni ya Bingwa, chukua hii. Inatosha."

Fundi Kola aliona ametukanwa. Alisema amekuja kushukuru, hakuja kutoa sadaka, na mkono mtupu haulambwi, ila na wenye takataka nao haulambwi vilevile. Mama Vizibo akajibu kwamba yeye ni muuzaji tu. Akamwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani, chini ya lile la kukataza sigara: wiski ya shukrani ikifika kwa asiyehusika hugeuka maji, na duka halirudishi pesa. Fundi Kola alijua hayo tangu utoto, kama watu wanavyojua kuwa maziwa yakikaa juani huchacha. Alichukua ya miaka kumi na minane, yenye boksi la kufungwa kwa sumaku, akalipa bila kuomba kupunguziwa. Jambo hilo lilimuuma mkewe kuliko lile jeraha.

Jeraha lilitokana na mashine ya kukatia vitambaa, iliyoteleza ikapita katikati ya kiganja. Alizimia, akazinduka mkono umeshashonwa. Siku bandeji ilipofunguliwa hakuuliza kwanza kama vidole vitafanya kazi. Alitazama mishono. Ilikuwa midogo, ya nafasi moja, haikulegea popote wala haikukunja ngozi. Katika maisha yake yote Fundi Kola hakuwahi kusifu mshono wa mtu, hata wa mwalimu wake, ambaye alikufa akiwa bado anasubiri. Sasa alikuwa akikifunua kiganja kwa majirani, kwa wateja, kwa msoma mita za umeme.

"Hata mimi nisingeshona hivi," aliwaambia.

Mkewe alisema hajawahi kusikia sentensi hiyo ikitoka kwenye kinywa kile tangu waoane.

Kilichobaki ni kidole gumba. Kano yake ilikuwa imekatika na kidole kilining'inia kama kifungo kilicholegea, kikingoja upasuaji wa pili. Bila kidole gumba hakuna kushika mkasi, na bila mkasi hakuna Fundi Kola, kuna mzee fulani tu anayekaa barazani kuwaambia wengine wanavyokosea. Hilo alilifikiria kila alipoamka, na lilimtia hofu.

Jumatatu alimkuta Bingwa ofisini. Alikuwa mtu mkubwa, mcheshi, mikono mifukoni mwa koti jeupe, na kola yake haikuwa mbaya sana. Fundi Kola alitoa hotuba aliyoifanyia mazoezi, akafungua boksi, akaisimamisha chupa mezani. Rangi ikaanza kushuka kutoka shingoni mwa chupa, taratibu, mpaka ndani yakabaki maji matupu.

"Ni hiki kiyoyozi," Bingwa alisema. "Huwa kinaziharibu. Tutaiweka pale na wenzake."

Kwenye ukuta mzima kulikuwa na rafu ndefu, na juu yake chupa nzuri nzuri, za shingo ndefu, za shingo fupi, nyingine na utepe bado shingoni. Zote zilikuwa na maji. Masikio ya Fundi Kola yalipata moto. Kwamba Bingwa huenda ndiye asiyehusika halikumjia hata kidogo; alidhani ameuziwa feki, ameaibika mbele ya mtu mwenye heshima zake. Ndivyo alivyodhani kila aliyewahi kukaa kwenye kiti kile. Kila mmoja alirudi kwao na aibu yake, hakumwambia hata mwenzi wake, na rafu ikajaa.

Bingwa hakuona aibu yoyote. Alisema kidole gumba ni kazi ndogo, atakishona yeye mwenyewe. Akatoa mkono mfukoni kuonyesha tarehe kwenye kalenda, na mkono ukatetemeka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Akaurudisha mfukoni.

Hapo mlango ukafunguliwa. Aliingia Sista wa chumba cha upasuaji, mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, kuja kusema mgonjwa wa asubuhi yuko tayari. Chupa iliyokuwa karibu na mlango ikapata rangi ya asali, ya pili ikafuata, ya tatu ikawa kama chai ya rangi, hivyo hivyo mpaka mwisho wa ukuta. Ile ya mezani ikawa ya mwisho, na ikakolea kuliko zote. Bingwa alikuwa akitafuta kalamu kwenye droo. Alisema anakuja. Sista akafunga mlango, na chupa zikarudia maji yao.

Fundi Kola hakuwa mjinga. Alishukuru tena, akatoka, akamfuata Sista hadi kwenye masinki, alikosimama akisugua mikono kwa brashi, kidole baada ya kidole.

"Sista, mkono huu umenishona wewe."

"Punguza sauti, Fundi," alisema, na brashi haikusimama.

Akamweleza kwa ufupi. Mikono ya Bingwa ilianza kutetemeka zamani. Bingwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha Sista kushona, kwanza kwenye maganda ya machungwa, halafu kwenye miguu ya kuku, halafu siku moja akamwachia sindano. Sista si daktari. Hana ruhusa ya kushona ngozi ya mtu. Ikijulikana, Bingwa atapoteza jina na yeye ataenda jela, na watu wenye mikono iliyochanika hawatakuwa na wa kuwashona. Kwa hiyo Bingwa husimama pembeni akipiga hadithi, yeye anashona, kisha Bingwa anatoka nje kupokea pongezi za ndugu. Ndivyo kazi inavyokwenda, na haijawahi kuharibika.

Fundi Kola alimuuliza kama haimuumi.

"Inaniuma. Na najivuna pia, usidhani sijivuni. Asubuhi nyingine sina shida yoyote ofisini mle. Naingia tu, nazitazama zinavyowaka, natoka." Akasuuza mikono, akaiinua juu ikichuruzika maji. "Yako ni ipi?"

"Ya miaka kumi na minane."

"Nzuri," alisema Sista. "Ila mimi napenda ya moshi."

Nyumbani Fundi Kola alizunguka chumba kizima, akigonga pembe za meza. Alisema ataenda kwa wakubwa wa hospitali, atasimama mbele yao na kiganja wazi. Wizi wa kazi ya mtu aliuchukia kuliko wizi wa pesa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkewe alimsikiliza huku akikunja nguo, na alipomaliza shuka la mwisho akamuuliza maswali mawili tu.

"Ukishasema, Sista atakuwa wapi?"

Fundi Kola akaacha kuzunguka.

"Na kidole chako utashonwa na nani, yule anayetetemeka?"

Fundi Kola akavuta kiti, akaketi.

"Basi funika kombe mwanaharamu apite, mume wangu."

Akalifunika. Haikuwa rahisi. Alikuwa mtu aliyewahi kumfukuza mteja aliyesema kwamba kola aliyoishona yeye imeshonwa na mwingine, na usiku ule alijiona mdogo, tena mwoga, na alijua wazi kwamba anakaa kimya kwa ajili ya kidole chake kwanza, na kwa ajili ya Sista baadaye. Alijaribu kuugeuza mpangilio huo, Sista awe wa kwanza, haukukubali.

Siku ya upasuaji alichomwa sindano ya ganzi, akalazwa macho wazi, shuka la kijani likatenganisha uso wake na mkono. Bingwa alisimama karibu na kichwa chake, mikono nyuma, akisimulia jinsi mwanawe alivyohitimu chuo na sherehe ilivyofana. Alisimulia vizuri, mpaka Fundi Kola akacheka mara mbili. Upande wa pili wa shuka hakukuwa na maneno. Mkono haukuhisi kitu, lakini aliona bega la Sista likipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, na mwendo ule aliujua. Ni wa mtu ambaye hafumui.

"Unasemaje, Fundi?" Bingwa alimwinamia mwishoni. "Kazi si ndiyo hii?"

Fundi Kola alitazama juu ya bega la Bingwa.

"Sijawahi kuona mkono kama huu. Na mimi sisifu watu ovyo."

"Asante sana," alisema Bingwa, na machozi yakamlengalenga, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya na alipenda kusifiwa. Sista, aliyefunikwa uso kwa barakoa, akainamisha macho, akakata uzi.

Kidole kilipona. Kilishika mkasi, kikakata kitambaa cha suti ya bwana harusi bila kuyumba, na wiki hiyo hiyo Fundi Kola akarudi dukani. Mama Vizibo alimuuliza anamshukuru nani mara hii. Akasema ni Bingwa. Mama Vizibo akaanza kuinama kuifuata ile fupi.

"Ya moshi," Fundi Kola alisema. "Iliyo bora kuliko zote ulizonazo."

Mama Vizibo alimtazama vizuri. Alipanda kwenye kigoda, akasogeza safu ya mbele, akatoa chupa nene yenye lebo nyeusi. Alionya kuwa asiyeizoea ataitema. Akamfungulia ya kuonjesha wateja, anuse mwenyewe. Ilinuka kama duka la dawa lililoungua. Fundi Kola aliirudia mara tatu, akauliza imekaa kwenye pipa la namna gani, kwa nini hii na si ile ya pembeni yake, moshi wake unadumu kinywani muda gani. Aliuliza kila kitu, bila haya, na alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyevaa suti mpya.

Ofisini kwa Bingwa chupa iligeuka maji hata kabla hajaiweka mezani. Bingwa akakilaumu kiyoyozi. Fundi Kola akaomba ruhusa, akasogeza chupa mbili kwenye rafu, akaisimamisha ya kwake mwanzo kabisa, jirani na mlango, maandishi yakimtazama mtu anayeingia.

"Wagonjwa wangu wananipenda, unaona," Bingwa alisema.

"Naona, Daktari."

Sista aliingia bila kubisha. Chupa ya moshi ikawaka ya kwanza, kisha nyingine zote mpaka mwisho wa ukuta, hata dari ikapata manjano, na chumba kikanukia ubao uliochomwa. Sista akavaa miwani yake, akasoma maandishi ya chupa ile toka mwanzo hadi mwisho, hana haraka. Fundi Kola alinyoosha mgongo. Kifua kilimjaa kana kwamba ile kazi kaishona yeye.

"Afadhali jua limetoka," alisema Bingwa. Nje mvua ilikuwa inanyesha. "Kuna nini, Sista?"

"Kuna seremala, Daktari. Amejikata na msumeno. Nimeshamwandaa."

"Mwambie asiogope. Nakuja kumshona."

"Ndiyo, Daktari."

Akavua miwani, akatoka, akaufunga mlango kwa utaratibu, na chupa zikaanza kupauka moja baada ya nyingine, kuanzia ile ya moshi.