Eda Iliyokwisha Kabla ya Barua

"Hutoki!" Shemeji Karama alisimama mlangoni, mikono ameitanua kama anayezuia mbuzi. "Mume amekufa, wewe unafunga mizigo? Utakaa eda humu ndani, miezi minne na siku kumi, kama wanawake wenye haya."

"Mwalimu," nikasema, "soma tena ile tarehe."

Mwalimu Junaid alikuwa bado ameishika barua. Ilitoka Surabaya, nchi ya Jawa, kwa binamu yetu Amer, ikaja kwa meli hadi bandari ya Mukalla, kisha kwa ngamia hadi kwetu bonde la Doani. Asubuhi hiyo alishaisoma mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nilisikiliza.

"Yeslam alifariki kwa homa," akasoma, "tarehe kumi na mbili, mfungo tano."

"Na leo?"

"Kumi na tisa, mfungo mosi. Ramadhani imeshapita."

"Miezi minane imepita. Eda huanza siku mtu anapokufa, si siku sisi tunapopata habari. Kweli au nasema uongo?"

Mwalimu akakohoa, akamtazama Karama kwa woga. "Ndivyo vitabu vinavyosema. Eda yake ilikwisha mfungo tisa."

"Umesikia? Ilikwisha nikiwa shambani nawakatia mbuzi wako majani."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema Muzna hana mume. Hiyo si habari mpya. Miaka kumi na mitatu mume wangu alikuwa karatasi, mara mbili kwa mwaka, na kipande cha kitambaa."

Lakini barua haikuishia kwenye kifo. Yeslam aliacha binti wa miaka sita, Salma. Mama yake, mwanamke wa huko Jawa, alikuwa ametangulia kufa. Amer angempakia mtoto kwenye meli ya mahujaji inayofuata, chini ya uangalizi wa mzee mmoja, Faraj. Meli ingepita Mukalla mwisho wa mwezi huu. Kama hapana jamaa wa kumpokea, Faraj angeendelea naye hadi Jeddah, na huko, Amer aliandika waziwazi, hajui angemwachia nani.

Mukalla ni safari ya siku saba. Msafara ulikuwa unapakia asali chini ya kijiji, kaka yangu Bakhit akiwemo. Mwingine usingeondoka hadi mfungo pili, meli imeshapita.

"Basi nenda wewe," nikamwambia Karama. "Ni mtoto wa ndugu yako."

"Niache mizinga yangu, msimu wenyewe ndio huu?"

"Nyuki wana malkia wao. Huyu hana hata mama."

"Wewe yanakuhusu nini? Mtoto wa mke mwenzio! Wala salamu ya kwetu haijui."

"Atajifunza. Tena huenda ana pua kama yako, maskini, na hilo pia atalizoea."

Mwalimu akaficha mdomo kwa barua. Karama hakucheka.

"Ukitoka leo, Muzna, usirudi katika nyumba hii."

Hapo nikasita. Sikuwa na nyumba nyingine. Bakhit mwenyewe alilala kwa wakwe zake.

Mama mkwe wangu, Bibi Shafika, alikuwa amekaa kando ya mtungi wa maji tangu barua iliposomwa. Sasa akainuka, akishika ukuta.

"Karama, nyumba hii ni ya nani?"

"Yako, mama, lakini..."

"Hakuna lakini. Yeslam alitoka kwa mlango huo nami nikanyamaza. Sikumwona tena. Ondoka mlangoni."

"Mama, mwanamke njiani na wanaume wa ngamia!"

"Bakhit si kaka yake? Ondoka, nimesema."

Karama akashusha mkono mmoja. Wa pili niliushusha mimi.

Bibi akanipa kifurushi cha tende. "Hizi za mtoto. Bakhit asizionje, namjua. Na samaki mkavu usimpe siku ya kwanza, atatapika."

"Sawa, mama."

"Umfunge vizuri juu ya ngamia."

Nikachukua kofia yangu ndefu ya ukili, ile ya shambani, nikaivaa juu ya ushungi. Nikamwomba Mwalimu barua, nikaitia kifuani, ili Faraj asiniulize mimi ni nani. Kisha nikateremka mbio. Ngamia wa mbele alishasimama.

"Bakhit!" nikaita. "Shusha kiriba kimoja cha asali. Nakaa mimi hapo."

Akanitazama, akatazama juu nyumbani, kisha akashusha.

Nikapanda.