Dakika Kumi na Tano

Kaseti alikuwa amehariri video za harusi kwa miaka ishirini na miwili, na jina hilo la utani lilimganda tangu enzi za kanda. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: meza moja, viti viwili. Kiti cha pili kilikuwa cha mkewe, aliyefariki miezi minne iliyopita.

Kompyuta yake ilikuwa hoi. Video ya harusi moja, ikishakatwa na kuungwa, ilichukua saa mbili na ushee hadi iwe tayari kukabidhiwa mteja. Wao wawili waliiita kazi hiyo kupika. Muda huo mashine haishikiki, kwa hiyo walikaa tu, mkewe akiandika majina ya maharusi kwenye makasha ya diski, wakizisengenya suti za wakwe.

"Imeiva?" mkewe angeuliza.

"Bado mbichi," angejibu, na soga zikaendelea.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyemsukuma aende dukani. Muuzaji, dada mmoja mtaratibu, alimwekea mbele kompyuta mpakato mbili zinazofanana kama pacha. Tofauti ilikuwa prosesa tu, ule ubongo wa mashine, nayo haibadilishwi baadaye, ukichagua umechagua. Yenye prosesa kali ilizidi ile nyingine kwa karibu theluthi ya bei. Dada akamuuliza anahariri harusi ngapi kwa mwezi. Tatu, alisema, mwezi ukiwa mzuri, nne.

"Basi mzee wangu, sitakudanganya. Hii ya kawaida itamaliza video yako kwa dakika arobaini. Ile ya bei, ishirini na tano. Kwa harusi nne, hizo dakika kumi na tano hazirudishi pesa yako."

Kaseti aliomba akae kidogo. Alijua anaambiwa kweli. Mkewe angesema vilevile, tena angemvuta shati watoke. Lakini dada yule hakujua kile chumba kinavyokuwa Kaseti akishabonyeza kitufe, mstari ukitambaa kwenye skrini, naye yuko peke yake, hana pa kuweka macho.

"Nipe ile ya bei," alisema.

Binti yake alipoiona risiti hakugomba. Aliuliza tu kwa nini.

"Siwezi kungoja peke yangu, mwanangu. Hata hizo dakika kumi na tano ni nyingi."

Binti akakunja risiti ile taratibu, akaitia kwenye mkoba.

Mashine ilifanya kama ilivyoahidiwa. Harusi ya kwanza ilikuwa tayari kabla ya adhuhuri, na Kaseti akafunga mlango kukiwa bado kweupe. Chini, mwenye duka la vitambaa alimuuliza kama kazi zimepungua. Alimjibu kuwa hapana, zimeisha mapema. Kisha akasimama barabarani na funguo mkononi, watu wakimpita, mpaka akaamua kwenda nyumbani kwa njia ya kuzunguka.