Huyu Hatunaye

Siku zile, kabla watu hawajaanza kutembea na intaneti mfukoni, wasema Kiswahili wa Stockholm walikuwa na chumba chao mtaa wa Rågsved, chini ya jengo, ukuta mmoja na mashine za kufulia. Laini ya intaneti ilikuwa moja, kompyuta nyingi na kuukuu, na katikati yake Gervas alikuwa ameweka seva, boksi lenye feni ya kukohoa. Kila anwani uliyoandika ilipita kwake kwanza ndipo iende duniani. Gervas ndiye aliyekuwa fundi kwa kuwa alisoma kompyuta chuoni, akakaribia kumaliza. Huko kukaribia kulikuwa kumeshachukua miaka, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukucheka.

Mtu akiandika tovuti isiyokuwepo, seva ilimrushia ukurasa wa Kiingereza, mrefu kama hukumu, na Gervas anaitwa. Akachoka. Akaufuta, akaandika wa kwake, wenye utani. Rafiki yake Yassir alikuwa pembeni akicheka mpaka akapaliwa na andazi. Jina lolote ambalo seva imelikosa likawa linatokea kwa herufi kubwa, na chini yake: "Pole sana. Huyu hatunaye."

Watu walilipenda jibu hilo. Walikuwa wanaandika majina ya mabosi wao makusudi.

Kisha akaja Mama Laurentine aliyekuwa akiishi Tumba, pembeni ya jiji, Mkongo wa Uvira, ambaye alikuwa akimtafuta mdogo wake Protais tangu vita viwatenganishe njiani. Kanisani walikuwa wamemwambia siku hizi kila mtu anapatikana kwenye intaneti. Hakuuliza mtu. Akaandika jina la Protais na la baba yao, akayaunganisha, akamalizia na nukta com kama alivyoona wengine wakifanya. Akasoma jibu. Akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Kesho yake Yassir alileta habari, na safari hii hakuwa anacheka. Tumba kuna kilio. Viti vimeazimwa, nyimbo zimeanza, na ukiuliza nani kaleta taarifa ya msiba, unaambiwa imetoka Rågsved, kwa kompyuta.

Gervas alipanda treni. Njiani alipanga maelezo mazuri kuhusu majina ya tovuti na jinsi seva inavyoyatafuta. Alipowaona wale akina mama wamekaa chini, yote yakamtoka. Alichoweza ni kumwomba Mama Laurentine warudi pamoja, akaone mwenyewe.

Walipofika akamkalisha mbele ya mashine, akamwambia aandike "Gervas", aunganishe na jina la baba yake Gervas, amalizie na nukta com. Likatokea kwa herufi kubwa. Pole sana. Huyu hatunaye.

Mama aliangalia kioo, akamwangalia yeye.

"Sasa weye, ulikufa lini?"

"Sijafa, mama. Jina lolote lisilo na tovuti, inasema hivyo."

Mama akaandika la kwake. Akaandika la mchungaji. Hapo akacheka, na kicheko hakikufika mbali kabla hakijageuka machozi.

"Kwa hiyo haijue kama Protais yuko."

"Haijui."

"Na kama hayuko?"

"Hata hilo haijui."

Alipangusa uso na ncha ya kitenge. "Basi isiseme hatunaye. Andika: hajafika."

Gervas akaandika palepale: "Hajafika bado." Yassir alisema jibu kama hilo chuoni lingepata sifuri, lakini hakuna aliyelalamika.

Miaka iliyofuata Mama Laurentine alipita pale kila Jumamosi akitoka kufanya usafi Märsta, upande wa pili wa jiji, hata kama si njia yake. Anaandika jina, anasoma. "Bado," anamwambia aliye karibu, kisha anakaa kupiga soga.

Halafu simu zikawa na kila kitu, watu wakapungua, na chumba kikatakiwa kirudishwe kwa wenye jengo. Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Gervas alichomoa nyaya zote, akaacha za boksi na kompyuta moja, akasogeza kiti, akamngoja Mama Laurentine.