Sala Nzuri ya Mama Jackie

Katika kanisa lao pale Kitengela, mgonjwa akihitaji kuombewa, watu walimtafuta Rahab, mke wa Mbugua, ambaye wengi walimwita Mama Jackie. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama, na sala zake zilivuma. Akishika maikrofoni, hata wazee waliosinzia waliinua vichwa.

Kwa hiyo Nzembi alipolazwa hospitalini Kajiado akisubiri kupasuliwa uvimbe tumboni, alimwita Rahab kabla ya kuwaita dada zake. Rahab ndiye aliyemwongoza kuokoka zamani, walipokuwa wakiuza mboga bega kwa bega sokoni Kisaju. Siku hizo Rahab hakuwa na duka la mabati wala gari. Alikuwa akiomba huku akifunga sukuma wiki, midomo ikichezacheza, mpaka wateja wakadhani ana wazimu kidogo.

Alifika wodini mchana, akasalimia kila kitanda, akakishika kiganja cha Nzembi na kuanza kuomba. Maneno yalimjia yamejipanga. Wagonjwa wa jirani walilia, nesi akasimama mlangoni ameinamisha kichwa. Na katikati ya sala hiyo, Rahab akajikuta akiwaza kama fundi amekuja kuchukua mabati yake. Wazo hilo likapita, likafuatwa na jingine lililomgandisha damu: hakuwa akiongea na yeyote. Mdomo ulikuwa ukienda wenyewe. Alimtafuta moyoni Yule aliyezoea kuambiwa maneno hayo, akakuta ukimya wa nyumba iliyohamwa.

"Amina," akasema haraka.

Wodi nzima iliitikia, isipokuwa Nzembi. Yeye alikuwa akimtazama tu.

"Mama Jackie, wananipeleka saa hii. Niambie vile uliniambia kule Kisaju. Yeye ako hapa?"

"Ako. Bwana hawaachi walio wake."

"Usiniambie kama unahubiri. Niangalie."

Rahab alijaribu kumwangalia. Macho yakamkimbia, yakatua kwenye chupa ya maji iliyoning'inia juu ya kitanda.

"Sijui," akanong'ona. "Sikumbuki ni lini niliongea na Yeye kabisa. Niko na uoga, Nzembi."

Alitamani kuyameza maneno yake. Nzembi alikishika kidole chake.

"Sasa mimi naenda na nani huko ndani?"

Wauguzi walikuwa wameshafika na kitanda cha magurudumu. Nzembi alikishikilia kidole cha Rahab ukumbini kote, mpaka wakawaachanisha kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

Rahab aliketi kwenye benchi la ukumbini. Hakuwahi kumkana Mungu hata siku moja, na hilo ndilo lililomtisha. Sala yake ya alfajiri ilihamia bafuni, kisha garini, kisha ikangoja Jumapili. Biblia aliifungua akitafuta cha kuwafundisha wengine. Aligombana na Makena wa kwaya, akasema atapatana naye baadaye, akaendelea kuhubiri upendo. Alikuwa ametoka nyumbani kwa Baba bila kusikia mlango ukifungwa.

Alipojaribu kuomba, yale maneno mazuri yakaja mbio. Akauma mdomo kuyazuia.

"Baba, nimepotea," akasema hatimaye. "Usimwache Nzembi kwa sababu yangu."

Hakusikia chochote. Akarudia, na akarudia tena.

Mbugua alimpigia simu kuuliza misumari iko wapi. "Funga duka ukuje," Rahab akamwambia. Alipofika na kuona uso wa mkewe, akauliza, "Amekufa?"

"Bado ako ndani. Baba Jackie, mimi ndio nimekufa. Naomba na hakuna kitu."

Mbugua alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Nimeona hiyo kitambo," akasema.

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia nini? Hata mimi niliacha. Nilikuwa nategemea zako."

Rahab alihisi benchi likizama. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imemwegemea yeye, naye alikuwa ameegemea hewa.

Jua lilikuwa likishuka daktari alipotoka kusema upasuaji umekwisha salama. Walipokubaliwa kumwona, Rahab alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba msamaha.

"Nilienda peke yangu, Mama Jackie," Nzembi akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nikamwita mwenyewe."

"Alikujibu?"

"Kuja kesho. Nikipata nguvu nitakuambia."

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya akina mama kanisani. Rahab alimpigia Mchungaji Gakuru simu akamwambia hataongoza sala siku hiyo, wala nyingine karibuni. Mchungaji akafikiri ni ugonjwa. "Si ugonjwa wa hospitali," Rahab akamjibu. "Nitakuja nikueleze." Halafu akampigia Makena, ambaye hakushika simu. Akapiga tena.

Kwenye barabara ya Namanga, wakielekea Kajiado, Mbugua alizima redio.

"Baba yetu," akaanza, kisha akakwama. "Sijui niseme nini."

"Mwambie hivyo hivyo," Rahab akasema. Macho yake yalikuwa wazi, na bado alikuwa akiogopa.