Kijiko cha Mlonge

Miaka kumi na moja mume wangu aliyeyusha madini ya risasi kwenye karakana ya betri chakavu za magari. Miezi mitatu iliyopita daktari akamwachisha kazi. Risasi ilikuwa imeingia kwenye damu na figo zimeanza kuchoka. Zikipumzika, alisema, huenda zikajirudi.

Kupumzika tu? Mimi si mtu wa kukaa nimekunja mikono. Nilisikia mlonge unalinda figo, basi nikatafuta majani, nikakausha, nikatwanga. Kila asubuhi kijiko kwenye uji wake. Daktari sikumwambia, nilijua ataguna.

Siku tulipofuata majibu ya vipimo, daktari aliisoma karatasi, akavua miwani, akaisoma tena.

"Mzee, risasi imepanda. Tukienda hivi, figo hazifiki mwakani. Umerudi karakana?"

"Sijakanyaga."

Damu ilinichemka. "Usimdanganye daktari! Jumanne ulisema unaenda kunyoa, ukarudi na nywele zile zile!"

"Kinyozi alikuwa amefunga, mama watoto."

"Nakutwangia dawa mpaka viganja vimeota sugu, kumbe unanizunguka!"

"Dawa gani?" daktari akauliza.

Nikatoa kopo mkobani, nikalibamiza mezani, ajue kwamba nyumba ile ina mtu anayejali. Akalifungua, akanusa.

"Majani unayatoa wapi?"

"Shambani kwa dada yangu. Safi kabisa, hakuna hata barabara karibu."

"Na unayakaushia juu ya nini?"

"Sinia la bati. Pana, zuri, aliniletea mume wangu mwenyewe kutoka..."

Lilitoka karakana. Ndilo walilokuwa wakipoozea risasi ikitoka motoni. Alilikwangua kabla ya kunipa, nami nikalisugua kwa jivu mpaka likang'aa, tukaona tumemaliza.

Mume wangu alijiziba mdomo kwa kiganja. Hata yeye alikuwa ameelewa.

"Kopo hili linapimwa leo," daktari alisema taratibu. "Lakini asile tena hata chembe. Na hilo sinia lisiguswe na mtu."

Nilingoja mume wangu anigeuzie kibao. Alikuwa na haki. Nimempaka matope mbele ya daktari, na sumu nilikuwa namkorogea mimi, kwa mkono wangu, huku nikimhimiza amalize bakuli. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Machozi yakanitoka.

"Baba watoto, nitukane basi."

Wala hakunisikia. Alikuwa ameinuka, amemshika daktari mkono.

"Mpime na huyu."

"Nani?"

"Mke wangu. Hanipi kitu kabla hajakionja yeye. Kijiko kizima, kila asubuhi, aone kama hakitanidhuru. Mpime sasa hivi, daktari, nakuomba."

Daktari akamwita muuguzi. Nikapandisha mkono wa gauni. Mimi nilikuwa nimetulia. Aliyekuwa akitetemeka ni mume wangu.